Geji za nyongeza kwenye pikapu ya dizeli: dalili, visababishi na namna ya kuvifuatilia

Mwenye Hilux, Land Cruiser, D-Max au L200 ya dizeli inayobeba mzigo kila siku hufika mahali akaona mishale ya kiwandani haimtoshi. Ana haki. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni mshale wa joto umepangwa utulie katikati hata maji yakitoka nyuzi 80 hadi kukaribia 100, na ukianza kupanda ujue gari liko mbioni kuchemsha. Taa nyekundu ya oili nayo huwaka presha ikiwa imeshaporomoka karibu na sifuri. Ndiyo maana watu hununua geji za presha ya oili, joto la maji, presha ya turbo, joto la moshi na volti, wakazifunga wenyewe nyumbani. Kisha maswali yanaanza.

Maswali hayo yanafanana mno. Mshale hausogei, mshale umeganda mwisho, mshale unacheza ukiwasha taa, geji inasema oili haina presha wakati injini inanguruma vizuri. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kisababishi cha kawaida kikitangulia. Shika jambo moja kabla ya yote: mara nyingi kosa liko kwenye ethi (njia ya hasi inayorudi kwenye chuma cha gari), kwenye thredi (meno ya skrubu) au kwenye sensa (kifaa cha kupimia kinachofungwa kwenye injini) isiyolingana na geji, wala si kwenye injini. Lakini geji ya oili ikishuka unazima injini kwanza, ubishi baadaye.

Kabla hujashika spana

Pima volti za gari. Pikapu nyingi ni za volti 12, ila ziko Land Cruiser za 70 zilizotoka Japani zenye betri mbili na mfumo wa volti 24, na malori madogo mengi ni hivyo hivyo. Geji ya volti 12 ukiiweka kwenye 24 inaungua papo hapo. Betri mbili peke yake si ushahidi, kwa sababu kuna magari ya volti 12 yenye betri mbili zilizofungwa sambamba. Maltimita ndiyo itakayokuambia.

Vua waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua dashibodi, ili mfumo wa mifuko ya hewa uishiwe umeme. Nyaya na soketi zenye rangi ya njano chini ya dashibodi na usukani ni za mifuko hiyo: usizikate, usizipime na maltimita, usiibe umeme humo. Kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni, usifunge geji kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Mfuko ukifumuka, geji inarushwa usoni.

Umeme wa geji uchukue kwenye mstari unaowaka swichi ikiwa oni tu, upitie fyuzi ndogo ya ampia 3 hivi, na fyuzi ikae karibu na pale unapochukulia umeme. Waya unaopita kwenye ukuta wa injini lazima upite ndani ya mpira wa tundu. Chuma cha tundu lisilo na mpira hula ganda la waya polepole kwa mtetemo, na shoti ya mahali pale ndiyo inayounguza magari.

Geji haiwaki kabisa, au inawaka na kuzima

Anza na fyuzi, kisha ethi. Watu wengi hufunga ethi kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi au kwenye bati lenye rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti yenye nguvu, kisha pima: mguu mmoja wa maltimita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye ethi ya geji, swichi ikiwa oni. Ukiona zaidi ya volti 0.1 au 0.2, ethi hiyo ni mbovu hata kama taa ya geji inawaka.

Ethi ikiwa safi, angalia maungio. Zile klipu za kubana zinazotoboa ganda la waya bila kulikata huanza vizuri, kisha barabara ya vumbi na matuta inazilegeza. Kata, unganisha kwa kiungio cha kubana kwa plaizi yake au kwa risasi, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Kama fyuzi inaungua tena ukibadilisha, usiweke kubwa zaidi wala usifunge kipande cha waya badala yake. Kuna shoti mahali, na usipoiona kwa macho muite fundi umeme wa magari.

Mshale umeganda mwisho wa juu au wa chini

Hapa kisababishi kinachoongoza ni sensa na geji zisizojuana. Sensa za presha zenye waya mmoja ziko za jamii mbalimbali. Nyingi za Ulaya huanza na omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sifuri na kupanda hadi 180. Nyingi za mtindo wa Kimarekani huenda kinyume, kutoka omu 240 hadi 33. Ukinunua geji peke yake dukani Kariakoo au Kirinyaga Road kisha ukachomeka sensa uliyoikuta nyumbani, mshale utasoma kinyume au usisogee kabisa. Pima omu za sensa injini ikiwa imezimwa, ulinganishe na karatasi iliyokuja na geji.

Kama zinalingana, jaribu waya. Chomoa waya kwenye sensa, swichi iwe oni, angalia mshale. Kisha gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja. Mshale ukikimbia kutoka ncha moja hadi nyingine, geji na waya ni wazima, na tatizo liko kwenye sensa au ethi yake. Usiposogea, rudia jaribio hilo nyuma ya geji yenyewe. Likifaulu pale, waya umekatika njiani.

Onyo: jaribio hili ni la sensa za waya mmoja tu. Sensa za nyaya tatu hulishwa volti 5 na kurudisha volti 0.5 hadi 4.5. Ukigusisha waya wake kwenye bodi unaweza kuua geji. Hizo pima volti tu, bila kuchomoa kitu.

Presha ya oili inasoma chini

Zima injini. Sifanyi mzaha na hili, kwa sababu dizeli isiyo na oili haikupi dakika nyingi. Metali (beringi za krankshafti) zinasuguana kavu na injini inanoki, na gharama yake ni injini nzima.

Injini ikiwa imezimwa, vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza na utafute inakovuja, na anza na maungio uliyoyafunga wewe mwenyewe. Oili ikiwa juu kuliko ulivyoiacha na inanuka dizeli, mafuta yanaingia kwenye oili na kuilainisha. Usiwashe tena, hiyo ni kazi ya fundi wa pampu na nozeli (vinyunyizio vya mafuta).

Kiasi kikiwa sawa, sasa ishuku geji. Kwa hesabu ya jumla, injini ya dizeli iliyopata moto husoma bar 2 hadi 6 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, na hushuka sana ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Bar 1 au chini kidogo ikiwa silensa na moto huwa si ajabu, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Wengi wanaopata hofu ni wale walioiona ikisoma bar 5 asubuhi na baridi, kisha bar 1 mchana kwenye foleni. Oili ya moto ni nyepesi, ndivyo inavyotakiwa.

Kama usomaji uko chini ya hapo, angalia hivi. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia thredi zake. Ukizizungushia tepu nyeupe ya mabomba mara nyingi mno, unaikata na injini. Na kama umeiweka mbali na injini kwa mpira wa presha, haina ethi kabisa mpaka uipelekee waya wake.

Ethi mbovu huongeza omu, na omu hizo kila geji inazitafsiri kwa namna yake. Geji ya 240 hadi 33 itasoma presha chini kuliko ilivyo, ikutie hofu ya bure. Geji ya 10 hadi 180 itasoma juu kuliko ilivyo, ikufariji huku injini inakufa. Kwa hiyo presha inayopendeza nayo ina haki ya kuhakikiwa, hasa ikiwa haishuki hata kidogo injini inapopata moto.

Kinachomaliza ubishi ni geji ya mkono, ile ya bomba inayofungwa moja kwa moja kwenye tundu la sensa. Gereji nyingi zinayo. Ikikubaliana na geji yako kuwa presha iko chini, basi ni kweli, na orodha inakuwa ya injini: filta iliyoziba, chujio la kufyonzea oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), pampu, metali zilizolika. Wenye Hilux na Prado za D-4D zenye injini za 1KD na 2KD walichunguze chujio hilo mapema. Washa (pete) za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi wa mwako huingia ndani ya injini, masizi yanajaa kwenye oili na kuziba chujio. Kufungua sampo na kubadilisha washa hizo si kazi ya uani kwa mtu asiye na uzoefu. Pikapu ivutwe mpaka gereji, isiendeshwe.

Kuhusu geji za mkono za kudumu, zile zinazoleta oili yenyewe ndani ya kebini kwa bomba jembamba la plastiki: sizipendi kwenye gari la kazi. Bomba likipasuka oili ya moto inamwagika miguuni na injini inabaki kavu. Tumia ya umeme.

Oili au maji yanavuja pale ulipofunga sensa

Ni thredi. Injini za Kijapani nyingi zina tundu la sensa ya oili la robo-nusu, yaani 1/8, lenye thredi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Kimarekani ni 1/8 pia lakini thredi 27 kwa inchi. Zinaingia mizunguko miwili mitatu kwa urahisi, kisha zinakaza, na mwenye spana anadhani amefika. Hajafika: anakata thredi za injini. Ukihisi sensa imekuwa nzito mapema, itoe. Tafuta adapta sahihi, inauzwa. Tundu likishaharibika kwenye bloku, simama hapo, kwa sababu kuchonga upya kunahitaji fundi mashine.

Kisababishi cha pili ni tii (kiungio chenye umbo la T) ya shaba inayobeba sensa ya kiwandani na ya nyongeza kwa pamoja. Sensa kubwa ikining'inia pale, mtetemo wa dizeli unaichosha shingo ya tii mpaka inapasuka, mara nyingi safarini. Tumia mpira wa presha uliosukwa kwa chuma, sensa uifunge kwenye bodi, na usisahau waya wa ethi. Sensa ya kiwandani ibaki mahali pake: taa nyekundu ni shahidi wako wa pili. Wala usiunganishe geji mbili kwenye sensa moja ya waya mmoja, zote mbili zitasoma uongo.

Joto la maji halipandi, linasoma chini, au linaruka

Mahali rahisi pa kuweka sensa ni adapta ya alumini katikati ya mpira wa juu wa rejeta, na hapo ndipo penye kosa linaloripotiwa kuliko mengine: adapta imeshikwa na mpira pande zote mbili, kwa hiyo haina ethi. Ifunge waya kutoka kwenye skrubu yake hadi kwenye chuma cha injini. Sensa za joto hupunguza omu zinapopata moto, hivyo ethi dhaifu inafanya maji yaonekane baridi kuliko yalivyo. Ukiona geji inakaa nyuzi 60 siku nzima na wewe unapanda mlima wa Kitonga na mzigo, usifurahi, pima ethi.

Kama ethi ni nzuri, kumbuka kwamba mpira wa juu haupati maji ya moto mpaka themostati (vali ya maji ya injini) ifunguke, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 88. Geji itakaa chini kwa dakika kadhaa kisha itaruka ghafla. Hiyo ni sawa. Ikibaki chini safari nzima na ethi imethibitishwa, themostati imeganda wazi au iliwahi kutolewa. Irudishe.

Mshale unaoruka juu na chini mara nyingi ni hewa iliyobaki kwenye mfumo baada ya wewe kufungua mpira. Jaza maji na kulanti injini ikiwa baridi, pua ya gari ikiwa imeinuka, iache ipate moto kifuniko kikiwa wazi tangu mwanzo mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha, na maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, huenda gasketi ya hedi imekata. Hapo acha geji, lipeleke gari kwa fundi injini.

Kuna hali moja ambayo kila mtu anayeendesha gari hilo anapaswa kuijua. Maji yakiisha yote, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unashuka wakati injini inaungua. Joto likipanda kisha likashuka ghafla bila wewe kupunguza mwendo, simama mara moja. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto kwa sababu yoyote ile.

Kujaribu sensa ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, waya mmoja wa ethi ukiwa umebanwa kwenye mwili wa sensa. Dar es Salaam au Mombasa itasoma karibu 100. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo sensa inayosoma 94 pale ni nzima.

Geji ya turbo haisomi, au inasoma kidogo

Kwanza kabisa, dizeli haina ule mvuto mkubwa wa hewa wa injini ya petroli. Geji kukaa sifuri ikiwa silensa ndivyo inavyopaswa. Geji za kielektroniki zilizopimwa usawa wa bahari huweza kuonyesha karibu 0.18 bar chini ya sifuri ukiwa Nairobi injini imezimwa, kwa sababu hewa ya pale ni nyepesi, na nyingi zina kitufe cha kurekebisha sifuri.

Isiposogea hata ukikanyaga mafuta na mzigo, fuata mpira mwembamba kutoka kwenye geji: umekunjika, umeyeyuka karibu na ekzosti, au umefungwa upande wa kabla ya turbo. Pa kuchukulia ni bomba la hewa baada ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Usikate mpira wowote usioujua. Dizeli ina pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki, na ukiweka tii kwenye mpira wake unaweza kufika kwenye mteremko ukakuta pedali imekuwa ngumu kama jiwe.

Ikisoma kidogo kuliko zamani na gari linatoa moshi mweusi, kaza klipu za mabomba ya intakula na utafute unyevu wa oili kwenye maungio, ndipo hewa inapotokea. Hizo zikiwa sawa, au ikiwa presha inapanda kupita kawaida ya gari lako, mwachie fundi wa turbo.

Joto la moshi linashuka unapopanda mlima

Nyaya za sensa zimegeuzwa. Kwenye waya wa mtindo wa Kimarekani nyekundu ni hasi na njano ni chanya, na mazoea ya nyekundu kuwa chanya yanawaponza wengi. Wa kimataifa ni kijani chanya, nyeupe hasi. Geuza, basi.

Ikisoma kwa upotofu wa mara kwa mara, huenda uliurefusha waya kwa waya wa kawaida wa shaba. Usomaji wa sensa hii unatokana na metali mbili maalumu, zikitoa kama milivolti 4 kwa kila nyuzi 100. Shaba ikiingia katikati, joto la chumba cha injini linachanganyika na la moshi. Nunua waya wake wa kurefushia.

Sensa ikikaa baada ya turbo itasoma chini kwa nyuzi 100 hata 200 mzigo ukiwa mkubwa, kwa hiyo mpaka wa karibu nyuzi 700 ambao madereva wengi wa dizeli hujiwekea ni wa sensa iliyo kabla ya turbo. Wenye 1HZ, injini iliyotoka kiwandani bila turbo, wakaiongezea, geji hii ndiyo ya kwanza kununua.

Kutoboa manifoldi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini) ni kazi ya kuivua kwanza. Chembe moja ya chuma ikibaki ndani inakwenda kugonga panga za turbo zinazozunguka kwa kasi kubwa mno. Kama huwezi kuivua, mpe anayeweza.

Mishale yote inacheza ukiwasha taa au indiketa

Geji zinagawana ethi au umeme na taa. Zipe ethi yao moja iliyo safi. Geji ya volti ikisoma chini ya betri kwa zaidi ya volti 0.3, tatizo ni hilo hilo. Betri iliyojaa na iliyotulia husoma karibu 12.6, na gari likiunguruma 13.8 hadi 14.5. Baadhi ya pikapu mpya hupunguza chaji kwa makusudi ukiwa safarini, kwa hiyo 12.9 humo haimaanishi oltaneta imekufa. Zaidi ya 15 kwa muda ni hatari kwa betri na kompyuta ya gari: lipeleke kwa fundi umeme.

Taa za geji hazipungui mwanga usiku

Toyota nyingi za zamani hupunguza mwanga wa dashibodi upande wa hasi. Ethi ya taa ya geji iende kwenye waya huo wa hasi wa taa za dashibodi, isiende kwenye bodi.

Mahali pasipoguswa

Kuna wanaotaka geji ya presha ya mafuta. Kwenye dizeli za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), bomba za chuma kati ya pampu, reli na nozeli hubeba zaidi ya bar 1,000. Mafuta yanayochuruzika kwa presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo huku likihitaji upasuaji wa haraka. Usilegeze hata nati moja pale, usitafute uvujaji kwa kidole. Upande wa presha ndogo, kabla ya pampu, unawezekana kwa fundi wa pampu mwenye vifaa safi.

Na ukisikia harufu ya waya unaoungua, zima swichi, vua hasi ya betri, usiirudishe mpaka fundi umeme aone njia yote ya waya. Mwonyeshe ulipochukulia umeme, ulipofunga ethi na aina ya sensa, umpunguzie nusu ya kazi.